Ntuzu: nchi ndogo iliyomo ndani ya Bariadi

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Bariadi hupita Magu na kufika Lamadi, mji mdogo wa biashara ulio karibu na Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Hapo njia hugawanyika. Barabara kuu huendelea kaskazini kuelekea Bunda na Musoma, ikipita ubavuni mwa Hifadhi ya Serengeti. Nyingine hushika kusini-mashariki, na baada ya kilomita 70 hivi za lami humfikisha Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Njiani ataiona Dutwa, ataiona Nyakabindi penye viwanja vya maonesho ya Nane Nane, ataona mashamba ya pamba, ng'ombe, na vilima vya mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono. Akiuliza yuko wapi, kijana atamjibu kwa majina ya serikali: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Mzee atamjibu kwa neno moja tu: Ntuzu.

Jina hili halimo katika orodha ya mikoa wala ya wilaya. Hata hivyo wenyeji wa hapa hujiita Wanyantuzu, na Msukuma wa Mwanza au wa Shinyanga akisikia mtu anavyozungumza hutambua mara moja kwamba huyu ni wa Ntuzu. Tumeona inafaa kuieleza nchi hii ndogo kwa wasomaji wetu, wakiwamo wengi waliokuja Bariadi kwa kazi au biashara na kuishi humo miaka mingi bila kujua wanakanyaga ardhi ya nani na imepitia mambo gani. Na kuna sababu ya pili, ambayo tutaifikia mbele: kipo kitu kimoja katika tabia ya nchi hii ambacho kinatoweka, na kinatowekea ndani ya nyumba zetu.

Jina na mipaka

Mkoa wa Simiyu ni mchanga. Uliundwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Na Itilima ikakatwa kutoka Bariadi yenyewe. Jina la mkoa ni la Mto Simiyu, ambao hukusanya maji ya nchi hizi na kuyapeleka Ziwa Victoria.

Lakini chini ya mipaka hiyo mipya iko mipaka mikongwe. Kabla ya wakoloni, Usukuma wote uligawanyika katika tawala nyingi ndogondogo, kila moja ikiwa na mtemi wake. Wajuzi wa lugha hulihusisha neno ntemi na kitenzi cha kukata, yaani kukata msitu ili watu wapate pa kulima, na wengine hulihusisha na kukata shauri. Maana zote mbili zinafaa, kwa kuwa kazi ya mtemi ilikuwa kufungua ardhi na kumaliza ugomvi. Upande huu wa mashariki zilikuwapo Ntuzu, Dutwa, Itilima, Kanadi, Nassa, Mwagala, Meatu na nyinginezo. Msomaji ataona kwamba baadhi ya majina hayo hayakufa. Itilima na Meatu leo ni wilaya. Dutwa ni kata. Serikali zilikuja na kuondoka, kila moja ikichora ramani yake, na kila moja ikajikuta inaazima majina yaleyale.

Chini ya mtemi palikuwa na gunguli, yaani kijiji pamoja na mashamba yake, malisho yake na maji yake, likisimamiwa na ng'wanangwa. Walikuwapo banamhala, wazee wa kiume ambao bila shauri lao hakuna jambo zito lililopita. Walikuwapo pia vijana wenye kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kwenda kulima shamba la mtu kwa pamoja, na baadaye kula na kucheza. Mgeni akitaka kukaa, hakununua ardhi. Alikaribishwa, akaoneshwa pa kujenga na pa kulima, na akategemewa kujitokeza panapotokea msiba au kazi ya pamoja. Uraia wa gunguli ulikuwa katika kujitokeza huko.

Hata lugha inaonesha mipaka hii. Neno sukuma lenyewe ni jina la upande: maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao wa kaskazini Wasukuma, yaani watu wa kaskazini, kama vile walio kusini walivyoitwa watu wa dakama. Waliokaa mashariki wakaitwa watu wa kiya. Wanaisimu hugawa Kisukuma katika lahaja kuu tatu, na tofauti moja husikika katika kiambishi cha jina la lugha: magharibi husema ki-, watu wa kiya husema ji-, na Wanyantuzu husema gi-. Konsonanti moja tu, lakini inatosha kumtambulisha mtu anakotoka kabla hajamaliza salamu yake.

Salamu nayo ina mafunzo. Asubuhi mtu huambiwa ng'wangaluka, na mchana ukishapita huambiwa ng'wadila. Kisha huulizwa habari, na jibu ni mhola, neno lenye maana ya amani na usalama. Anayetoa shukrani husema wabeja. Sisi ambao salamu yetu ni ya kutakiana amani hatukuona ugeni wowote katika hilo.

Wageni waliofuata mto

Nchi hii haikuwa mbali na njia za dunia kama inavyodhaniwa. Mwanzoni mwa mwaka 1875 Henry Morton Stanley alipita upande huu akitokea Iramba, akaufuata Mto Simiyu hadi karibu na ziwa, akafika Kageye mnamo Februari 27. Stanley aliamini kwamba Simiyu ndio chanzo cha kusini kabisa cha Mto Nile. Wataalamu wa leo wanautazama Mto Kagera na vijito vyake vya Rwanda na Burundi, lakini ni kweli kwamba maji ya mvua yanayotiririka kutoka malisho ya Ntuzu huingia ziwani, na ya ziwani hutoka kwenda Sudan na Misri.

Huko Kageye, Stanley alimkuta mfanyabiashara Mwislamu kutoka pwani, aitwaye Songoro, aliyekuwa na jahazi. Songoro hakuwa na mwisho mwema: Desemba 1877 aliuawa huko Ukerewe katika ugomvi wake na mtawala Lukonge, pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill. Tunalitaja hili kwa sababu wengi hudhani Uislamu uliletwa pande hizi na maduka ya juzi. Misafara ya Tabora na ziwani ilitangulia maduka hayo kwa miaka mingi. Baadaye reli iliyotoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka katika nchi ya Maswa, na pamba ikapata njia ya kwenda bandarini. Waislamu wa mkoa huu ni wachache hadi leo. Majirani zetu wengi ni Wakristo au ni watu wa mila za wazee wao, na tumezikana, tumekopeshana na tumeoleana kwa miaka yote hiyo.

Udongo na chungu

Anayetaka kuijua tabia ya Ntuzu na aanze na udongo wake. Mkulima wa hapa hasemi tu kwamba ana shamba. Husema ana shamba la luseni, au la ibushi, au la mbuga. Juu, karibu na vilima vya mawe, uko mchanga. Ukiteremka kidogo unakuta luseni, udongo mwepesi unaofaa mihogo, karanga na viazi vitamu. Mbele yake iko itogolo, ardhi ngumu inayokataa maji, ambayo wazee waliiachia nyasi na mifugo. Bondeni kabisa iko mbuga, udongo mweusi mzito, wenye nguvu lakini mgumu kulima: ukinyeshewa hunata, ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mguu. Huko ndiko hufaa mtama, pamba, na mpunga katika majaruba.

Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani, Tanga, aliandika kwamba katika Afrika Mashariki aina za udongo hufuatana kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, kama pete za mnyororo. Fikra yake ilienea duniani. Wakulima wa Usukuma walikuwa na jina kwa kila pete ya mnyororo huo, na walijua ipi ni ya jembe na ipi ni ya nyasi.

Chakula cha Ntuzu kimezoea ukame. Mvua huanza Novemba au Desemba, huweza kukatika katikati, na kufikia Mei hukoma. Baada ya hapo ni kiangazi kirefu. Ndipo akina mama wakajua kuuhifadhi msimu. Viazi vitamu hukatwa vipande vikiwa vibichi na kuanikwa juu ya mawe: hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza, vikakatwa na kuanikwa, hayo ni matobolwa, matamu kama tende kwa mtoto aliyezoea. Majani ya kunde huchemshwa na kukaushwa yakawa nsansa, yakapikwa kwa karanga mwezi wa Septemba, wakati hakuna jani bichi shambani. Familia zetu zinazofuturu kwa vyakula vya pwani zingefanya vyema kujaribu michembe iliyochemshwa na kupondwa na karanga. Ni chakula cha kumkalisha mtu na tumbo tulivu hadi usiku.

Maji ni habari nyingine. Mto Simiyu hufurika wakati wa mvua, kisha kiangazi hubaki mchanga na madimbwi. Wanawake hufukua mchanga hadi maji yachuruzike, wakayateka kwa kata. Malambo yaliyochimbwa kwa ajili ya mifugo husaidia, na mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria umewapa watu matumaini. Lakini mtoto wa Ntuzu bado anakua akijua kwamba maji na nyasi ni vitu vya kupangiwa.

Nyasi zilizofungwa

Hapa tunafika kwenye jambo lililotufanya tuandike. Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, eneo fulani la malisho hufungwa. Hakuna ng'ombe aingiaye, ingawa nyasi zinaota na kila mtu anaziona. Mifugo hulishwa kwingine, pengine mbali. Nyasi za ngitili hukua, hukomaa na kukaukia palepale zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokaza, kuanzia Julai au Agosti, nchi ikiwa nyeupe na ng'ombe wamekonda, ngitili hufunguliwa kwa utaratibu: wanaanza ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaovuta jembe mvua zikirudi. Ziko ngitili za familia, na ziko za kijiji kizima. Ndani yake miti nayo hukua, kwa hiyo hupatikana kuni, fito za kujengea, dawa, uyoga na asali.

Ngitili haina ukuta. Pengine ina mstari wa minyaa, pengine haina hata huo. Kinachoilinda ni kwamba kila mtu anajua imefungwa, na kila mtu anajua kwamba wengine wanajua. Mchungaji akiiingiza mifugo yake hutozwa faini na wazee. Lakini faini ni kwa mmoja aliyeteleza. Desturi yote husimama juu ya mamia ya watu ambao kila asubuhi hupita kando ya nyasi nzuri na kuziacha.

Desturi hii imewahi kufa mara moja, na ni vyema tukumbuke ilikufaje. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliongoza kampeni za kufyeka misitu ya Shinyanga na Usukuma ili kumwangamiza mbung'o, na misitu mikubwa ikaondoka. Pamba ikafuata, ikisukumwa na serikali na kuvutwa na bei. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria, na waliokuwa wakitoza faini za ngitili wakabaki wazee wa kawaida. Kisha Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi katika vijiji ni lazima kwa wote, na mwaka uliofuata operesheni ikafika mkoa wa Shinyanga. Wasukuma walikuwa wamezoea kuishi kila mji mbali na mwingine, uzio wa minyaa ukizunguka nyumba, mashamba na malisho vikiwa karibu. Walihamishwa wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Walioachwa nyuma ni makaburi, miembe na ngitili. Ardhi iliyokuwa na mwenyewe ikawa mahame, na mahame hayana wa kuyafunga.

Matokeo hayakuchelewa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga, ikiwamo Bariadi, Maswa na Meatu za wakati ule, ilikuwa ikiitwa jangwa la Tanzania. Ilipoanzishwa programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi tu katika mkoa mzima.

HASHI ilianza kama miradi mingi inavyoanza, kwa vitalu vya miche na amri ya kupanda miti. Miche mingi ilikufa. Ndipo wataalamu wakawasikiliza wakulima na wafugaji, na jibu lao likawa: turudishieni ngitili, miti itaota yenyewe. Mizizi na visiki vilikuwa bado hai chini ya ardhi. Kilichokosekana ni mtu wa kuvipa nafasi. Familia zikaanza kufunga vipande vyao, vijiji vikapitisha sheria ndogo, wazee wakapewa tena sauti. Programu ilipomalizika mwaka 2004, eneo lililorudishwa lilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Miti ilirudi, na ndege na nyuki wakarudi.

Tunaliona hili kuwa jambo kubwa katika historia ya watu wadogo wa nchi yetu. Uharibifu ulichukua miaka 50 na amri nyingi. Uponyaji ulichukua miaka chini ya 20, na kiini chake kilikuwa kujizuia.

Jambo tunalolifahamu

Kwa msomaji Mwislamu, ngitili si kitu kigeni. Mtume Muhammad (s.a.w.) aliitenga ardhi ya Naqi', karibu na Madina, iwe hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa ajili ya farasi wa Waislamu. Katika zama za ukhalifa, Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa na hima, na msimamizi wake aliitwa Hunayy. Sahih Bukhari imepokea wasia aliopewa msimamizi huyo. Umar alimwagiza awe mpole kwa Waislamu na aogope dua ya aliyedhulumiwa. Amruhusu aingie mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na ya Uthman bin Affan, masahaba wawili watukufu lakini matajiri. Akaeleza sababu: hao wawili mifugo yao ikifa wana mitende na mashamba ya kuegemea, lakini mwenye wachache wakifa atakuja na watoto wake kumlilia khalifa, na kumpa nyasi na maji ni rahisi kuliko kumpa dhahabu na fedha.

Wasia huo unagusa swali lililopo Ntuzu leo. Ngitili iliyorudi imekuwa mali. Nyasi hukodishwa, kuni huuzwa. Mwenye ng'ombe 300 anaweza kukodi nyasi za kijiji kizima, na mjane mwenye ng'ombe wawili akabaki akizitazama. Kamati za vijiji zinazosimamia ngitili hazina budi kujiuliza swali la Umar: huyu asipoingia, ana pengine pa kwenda?

Kinachotokea nyumbani

Safari hii hakuna operesheni wala mbung'o. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,584,157 katika Simiyu. Ya mwaka 2022 ilihesabu 2,140,497. Hao ni zaidi ya watu nusu milioni walioongezeka katika miaka 10, juu ya ardhi ileile, huku mashariki yakiwa mapori ya akiba na Serengeti, ambako tembo hutoka kuvamia mashamba na watu hawaruhusiwi kuingia. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na mwaka wa bei nzuri kila mtu hutazama ardhi iliyofungwa na kuihesabu kwa marobota.

Katika kazi za kamati ya msikiti huletewa mashauri ya mirathi, na mkondo wake tunaujua. Baba amefariki, ameacha watoto tisa, nyumba, ng'ombe na ardhi, na ndani ya ardhi hiyo iko ngitili ya ekari 20 aliyoifunga yeye na baba yake kabla yake. Watoto watatu wako Mwanza, mmoja Dar es Salaam. Kila mmoja anataka fungu lake, na ni haki yake, kwa kuwa mafungu ya mirathi ameyagawa Mwenyezi Mungu mwenyewe. Ngitili inapimwa kwa kamba, inakatwa vipande. Wa kwanza anauza kipande chake, wa pili anafyeka apande pamba, wa tatu anachoma mkaa. Aliyebaki na ekari mbili za nyasi katikati ya mashamba hawezi kuzilinda, naye anafyeka. Kazi ya vizazi viwili huisha kwa misimu mitatu, bila mtu yeyote kufanya kosa.

Sisi hatuoni kwamba jibu ni kumnyima mrithi haki yake, na tunawaonya wanaotumia desturi kuwa kisingizio cha kuwanyima mabinti. Lakini kupata haki na kukata ardhi vipande ni mambo mawili. Warithi wakiwa watu wazima na wakiridhiana, wanaweza kuiacha ngitili iwe mali ya shirika, kila mmoja akijua fungu lake kwa maandishi, na mapato ya nyasi, kuni na asali yakagawanywa kwa mafungu hayo. Akiwapo yatima, fungu lake liandikwe na walii wake alisimamie kwa uaminifu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya namna hii kuandikishwa na kupewa hatimiliki ya kimila, hata kwa jina la watu kadhaa kwa pamoja. Anayetaka kuwapunguzia watoto wake ugomvi aandikishe akiwa hai, mbele ya halmashauri ya kijiji na mashahidi.

Iko pia njia ya wakfu. Umar huyohuyo alipopata ardhi nzuri huko Khaibar, alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka shauri, naye akamwelekeza kuizuia ardhi yenyewe isiuzwe, isirithiwe wala isitolewe zawadi, na matunda yake yawe sadaka. Mzee mwenye ardhi ya kutosha anaweza kutenga sehemu ya ngitili iwe wakfu kwa ndama wa wajane na maksai wa masikini wa kijiji chake, Waislamu na wasio Waislamu. Asipitishe theluthi ya mali yake ikiwa ni kwa wasia, na amtafute mwanachuoni amwongoze katika maneno. Miti itakayoota humo na ndege watakaokula humo vitahesabiwa mahali pake.

Na liko jambo dogo lisilohitaji mwanasheria wala sheikh. Likizo ya Juni ikifika, watoto waliozaliwa mjini wapelekwe kijijini kwa babu na bibi. Watembezwe mipakani. Waoneshwe luseni na mbuga, kaburi la babu mkubwa, mwembe uliopandwa kabla ya operesheni, na nyasi ambazo hazikanyagwi hadi Agosti. Waambiwe jina la kila mahali, kwa gi- ya Wanyantuzu. Siku ya kugawa ardhi, mtoto aliyewahi kutembezwa atajua anachokigawa. Yule asiyewahi kufika ataona ekari tu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu ateremshe mvua za kheri mwaka huu juu ya Bariadi na Simiyu yote, atujaalie kuwa warithi wema wa tulivyoachiwa, na awarehemu waliotutangulia katika ardhi hii. Amin.